Kabla hamjaandika asilimia ya ufanisi wa IGCC

Msimu wa rasimu umefika tena, na jedwali ni lile lile: safu ya majina ya mitambo ya IGCC (inayogeuza makaa ya mawe kuwa gesi ndani ya kinu, ikaichoma kwenye turbini ya gesi, na joto lake likaendesha turbini ya mvuke), safu ya asilimia, na hitimisho kwamba Nakoso ya Japani imeiacha mbali Wabash River ya Marekani. Wadogo zangu, nawapenda na bidii yenu naiona, lakini jedwali hilo nimelirudisha kwa waliowatangulia na kwenu pia nalirudisha.

1. Tajeni msingi wa hesabu. Wabash River ilikuwa kwenye 40 hivi kwa HHV, hesabu inayojumlisha joto linalobaki kwenye mvuke wa maji wa moshi. Nakoso ya kwanza, ile ya megawati 250, ilifikia 42.9 kwa LHV, hesabu isiyolijumlisha joto hilo. Ziwekeni kwenye msingi mmoja muone: karibu nusu ya pengo inayeyuka. Halafu kuna umeme wa jumla, kabla mtambo haujajilisha wenyewe, na halisi, unaofika kwenye gridi. Puertollano ya Uhispania ilisanifiwa kwa ufanisi wa 47 kwenye vituo vya jenereta na 42 kwenye gridi, mtambo ule ule, fueli ile ile. Polk ya Florida ilizalisha megawati 315 hivi, ikapeleka 250 kwenye gridi. Mlaji mkubwa wa tofauti hiyo ni mtambo wa kutenga hewa, unaoigandamiza hewa kwa kompresa ili kupata oksijeni ya kinu. Mwenye kulipa bili ya umeme hanunui megawati zilizoliwa na kompresa.

2. Msichukue 60 ya turbini za gesi asilia zilizounganishwa na za mvuke mkaibandika kwenye makaa. Kinu kinabakiza takriban asilimia 75 hadi 83 ya nishati ya makaa ndani ya gesi baridi; iliyobaki ni joto, na mvuke hauirudishi yote.

3. Hili la “muunganisho kamili”, yaani kuchota kwenye turbini hewa yote ya kupatia oksijeni, linaniuma, kwa hiyo nitalisema kwa urefu. Ni kosa la fani yetu nzima, na lilifanywa na wahandisi hodari.

Buggenum, Uholanzi, miaka ya 1990. Wasanifu waliona turbini ya gesi ina kompresa kubwa, na mtambo wa kutenga hewa unahitaji hewa iliyogandamizwa. Kompresa ya pili ya nini? Wakaamua hewa yote ya kupatia oksijeni itoke kwenye turbini, na naitrojeni irudi huko huko. Kwenye karatasi ni hesabu ya kupendeza: 43 kwa LHV, halisi. Puertollano ikafuata njia hiyo.

Sasa jiwekeni zamu. Kinu kinadai oksijeni. Oksijeni inatoka kwenye mtambo wa kutenga hewa. Mtambo huo unadai hewa ya turbini. Turbini inadai gesi ya kinu. Unaanzia wapi? Unapandisha turbini kwa fueli nyingine, unachota hewa kidogo kidogo, unasubiri sanduku la baridi, sehemu ya mtambo huo inayotenga hewa kwa baridi kali, lishuke hadi karibu nyuzi 180 chini ya sifuri, na kama lilikuwa limepata joto, kusubiri huko ni kwa siku. Ndipo uwashe kinu, halafu ubadilishe fueli bila kuuzima moto. Fueli inayoungua muda wote huo haimo ndani ya ile 43. Turbini ikitripu, yaani ikijizima ghafla, hewa imekatika. Hewa ikikatika, oksijeni hakuna. Kinu nacho kinazimika. Hitilafu ya sehemu moja inaangusha kituo kizima. Buggenum ilisumbuliwa pia na mtikisiko wa moto ndani ya turbini mpaka vichomeo vikarekebishwa.

Wa Polk na Wabash River waliweka kompresa zao za hewa, wakakubali kupoteza pointi za asilimia ambazo muunganisho ungewapa. Nakoso nayo ilichota hewa ya turbini, ila kinu chake kilitumia hewa badala ya oksijeni tupu, kwa hiyo haikubeba mtambo mkubwa wa kutenga hewa. Haya yote yameandikwa, yanasomeka, na bado mwaka huu rasimu zinasema “muunganisho kamili” bila hata aya moja ya jinsi ya kuwasha. Andikeni hatua za kuwasha kwanza. Mkikwama kwenye hatua ya tatu, usanifu wenu umekwama hapo hapo.

4. Jueni majivu yenu. Anayeandika kuhusu makaa ya Ngaka au Mchuchuma, Tanzania, apime kwanza joto la kuyeyuka kwa majivu, maana kinu cha majivu ya kuyeyuka hukwama kwa makaa ambayo majivu yake hayatiririki, na kila kilo ya chokaa unayoongeza ili yatiririke inakula joto. Ukilisha makaa kwa tope badala ya unga mkavu, kumbuka theluthi moja hivi ya tope ni maji, na kuyageuza mvuke kunalipiwa na makaa.

5. Asilimia ya usanifu si ya mwaka. Kemper, mtambo wa IGCC wa Mississippi, Marekani, ilimeza zaidi ya dola bilioni 7, na Juni 2017 kazi ya vinu ilisimamishwa. Umeme ukabaki wa gesi asilia. Kila asilimia ifuateni na saa ambazo mtambo ulikwenda kwa gesi ya makaa yenyewe. Nakoso ilikwenda saa 3,917 mfululizo, na kwangu takwimu hiyo ina uzito kuliko 42.9 yake.

Mkiongeza ukamataji wa kaboni, toeni pointi 7 hadi 10 za asilimia kwenye jedwali la kwanza kabisa, si kwenye kiambatisho.