Mie nililipwa kuzoa mavi ya farasi, yeye alilipa ayazoe

Wiki iliyopita mliuliza, "Ukipata nafasi, ungeenda nchi ya nje kujitolea kutunza farasi na kulinda wanyamapori?" na mkagusia wale farasi wa porini wa Mongolia. Mpwa wangu ndo alinisomea tumekaa barazani. Nikacheka, af nikakasirika, af usiku usingizi ukawa wa manati. Kwa hiyo najibu, japo najua nitajibu swali lingine kidogo, mtanisamehe.

Mie mtu wa Pangani, ng'ambo ya mto, huku Bweni unapoitafuta Ushongo. Huku kwetu farasi hatumjui. Farasi ni wa kwenye hadithi na wa polisi wa Dar, basi. Na ina sababu yake, pwani hii ina ndorobo, mnyama wa mizigo akishang'atwa anakonda mpaka anakufa, ndo maana wapagazi wa Bagamoyo walikuwa wanabeba mizigo kichwani miezi kwa miezi. Stanley mwenyewe alitoka Bagamoyo mwaka 1871 na farasi wawili, hata mbali hawajafika wote wamekufa. Sasa mwaka 2011 kuna bosi mmoja akaamua yeye atafuga farasi wanne shambani kwake kwa ajili ya wageni kupanda ufukweni, na mie nikapata kazi ya usaisi. Elfu themanini kwa mwezi. Kuzoa mavi, kuchota maji, kukata majani, kupuliza dawa ya ndorobo asubuhi na jioni.

Akaja volontia. Binti wa Kijerumani, miaka kumi na tisa, kashuka kwenye kivuko na koti zito la baridi mkononi maana kwao alikotoka kulikuwa na theluji. Siku ya tatu tunazoa mavi pamoja, toroli moja, nikamuuliza dada wewe wanakulipa shilingi ngapi? Akasema hapana kaka, mimi ndio nimelipa. Nikadhani Kiswahili kimempiga chenga. Akarudia na hesabu kabisa, na ile hela aliyolipa kwa mwezi mmoja mie ningeipata kwa mwaka na nusu. Jamani! Nilisimama na koleo langu nikawa sijui nimcheke au nimuonee huruma, au nijionee huruma mie.

Alfajiri alikuwa anakwenda na vijana wa kijijini ufukweni kutafuta nyayo za kasa waliopanda kutaga. Kiota kimoja kinakuwa na mayai mia na zaidi, na kinakaa kama miezi miwili ndo watoto watoke. Yeye kaja mwezi mmoja. Piga hesabu mwenyewe. Aliondoka kasa wake hata mmoja hajamuona, waliobaki kulinda viota ni walewale wa Ushongo.

Sasa kuna huu usiku ambao siwezi kuuruka. Bosi kaenda Dar. Kama saa moja na nusu hivi nikaenda kuwatazama farasi, nikamkuta Zabibu, yule jike mwekundu, majani hajayagusa. Anageuza shingo anaangalia ubavu wake, anarudi mbele, anaangalia tena, kama mtu anayesikia anaitwa. Af anaparua chini kwa mguu wa mbele. Jasho linamtoka shingoni na joto lenyewe halikuwepo. Mara kalala, anagaagaa. Mzee mlinzi akasema mwacheni mnyama alale, mgonjwa si hulala. Yule binti akatoka mbio peku, akampigia kelele mpaka akainuka, akaweka sikio ubavuni, kushoto juu, kushoto chini, akazunguka kulia. Akaniambia tumbo liko kimya, hakuna kitu kinachotembea humu.

Mie nilikuwa sijui kwamba farasi hawezi kutapika. Kilichoingia kina mlango mmoja tu wa kutokea, ukiziba ule ndo basi. Daktari wa mifugo yuko Tanga mjini, kilomita kama hamsini na mto katikati, na kivuko kimeshalala. Simu inashika ukipanda juu ya kichuguu, basi nikapanda, daktari akasema msimpe chakula, msimuache agaegae, mtembezeni taratibu, mchomeni sindano ya maumivu. Sindano ipo kwa bosi kabatini, kabati lina kufuli, ufunguo uko Dar. Bosi kwenye simu hapatikani. Nikamwambia dada, nikivunja hili mie sina kazi. Akasema vunja, nitasema ni mimi. Nikavunja kwa jiwe la kusagia.

Tulimtembeza mpaka alfajiri kwa zamu, kuzunguka mnazi mmoja hadi pakawa na njia kama ya siafu. Saa tisa alitaka kujitupa chini tukamsukuma wote wawili mabega kwa mabega, mnyama ana kilo mia nne, mie kilo hamsini na tano. Binti anaimba kwa lugha ya kwao, sijui nyimbo ya watoto ile, mie nasoma Yasini niliyoijua nusu. Adhana ya Alfajiri inaita kule kijijini, Zabibu akasimama, akainua mkia, akanya. Wallahi sijawahi kufurahia mavi namna ile. Yule binti alilia, akanikumbatia, mzee mlinzi akageuka pembeni.

Kulipokucha akachukua donge moja akalivunja kwenye ndoo ya maji, akakoroga, akasema tusubiri. Majani yakaelea. Chini ukabaki mchanga, mweupe, wa pwani hasa, unajaza kiganja. Farasi walikuwa wanakula chini na kila tonge wanameza na mchanga. Bosi aliporudi akaonyeshwa ndoo, kesho yake fundi akaja kutengeneza mahori ya juu.

Hapo ndo paliponiuma miaka yote. Kwa sababu mie nilishasema! Nilisema hawa wanakula mchanga, nikajibiwa ukae na toroli lako. Kaja mtoto wa miaka kumi na tisa na ndoo, fundi kaitwa siku hiyohiyo. Na kufuli nikakatwa elfu sita kwenye mshahara. Binti aliniambia atasema ni yeye, na naamini alisema, ila mshahara uliokatwa ni wangu, yeye hakuwa na mshahara wa kukatwa.

Kwa hiyo nilianza kuandika hapa nikiwa na jibu moja, kwamba kujitolea ni starehe ya mwenye nauli. Mzungu akija kujitolea kuna kibali chake kabisa, daraja C, utaratibu upo. Sisi tukienda kujitolea kwao tunaulizwa benki una kiasi gani na utarudi lini, mpaka uthibitishe kwamba huendi kuzamia kwa ajili ya kuzoa mavi.

Lakini naandika nakumbuka na nisiyotaka kuyakumbuka. Ule mchanga nilimwambia bosi mara moja tu, anaosha gari, nikasema huku naondoka. Ndoo ya maji sikuwahi kuiwaza. Sikio ubavuni hakuna aliyewahi kunifundisha, na yule binti alinifundisha kesho yake bila kuombwa, sehemu zote nne. Leo nina ng'ombe watatu wa maziwa, na kabla sijampigia mtu wa mifugo nishaweka sikio. Sijui hiyo niiweke upande gani wa hesabu.

Na huyu mpwa wangu kamaliza Mweka, kile chuo cha wanyamapori, cheti anacho, ajira anasubiri mwaka wa pili. Ananiambia mjomba, hao farasi wa Mongolia, takhi wanawaita, porini walikwisha, wa mwisho alionekana 1969, waliopo sasa wote ni uzao wa farasi kama kumi na mbili tu waliobaki kwenye mabustani ya wanyama, na wakaanza kurudishwa kwao Mongolia, kwenye hifadhi ya Hustai, mwaka 1992. Anataka akajifunze wamerudishwaje, kundi linafuatiliwaje. Siyo picha anazotaka. Nikamwambia watataka ulipe. Akasema najua mjomba.

Basi jibu langu, mie siendi. Yeye nimemwambia ajaze fomu, kwa masharti, asiende mwezi mmoja kama yule wa kasa, akae mpaka kitu kianguliwe, na kama wana nafasi ya msaidizi wa kulipwa aombe hiyo kwanza. Nauli bado tunahangaika, tumefikiria ng'ombe mmoja ila shangazi yake hataki kusikia. Koti tu ndo lipo. Yule binti aliniachia siku anaondoka, lipo sandukuni tangu 2011 na vidonge vya nondo, maana Pangani hii ungelivaa wapi.