Ufa wa nyumba ya Mji Mkongwe hauzibwi kwa saruji

Masika yakishapita, pita taratibu kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, kama Mkunazini, Hurumzi au Sokomuhogo, uangalie kuta kuanzia usawa wa goti mpaka kifuani. Rangi iliyopakwa mwaka jana imetoka malengelenge. Ukiigusa inapukutika, na nyuma yake kuna unga mweupe kama magadi. Uonje kwa ncha ya ulimi: ni chumvi. Sasa gonga hapo kwa kifundo cha kidole. Ukisikia mlio wa mtungi mtupu, ujue lipu imeshaachana na ukuta na inashikiliwa na vipande vya pembeni tu.

Mwenye nyumba akiona hivyo humwita fundi. Fundi hubandua kipande kilichoharibika, hupiga lipu mpya ya saruji nzito kuliko ya kwanza, kisha rangi ya mafuta juu yake. Masika mawili hayapiti, unyevu umepanda juu zaidi. Fundi mwenyewe si mvivu, na mchanganyiko wake ungefaa kabisa kwenye nyumba ya matofali kule Mwanakwerekwe, nje ya Mji Mkongwe. Ila ameupaka kwenye ukuta wa aina nyingine.

Ukuta wa Mji Mkongwe kwa kawaida una unene wa sentimita 50 au 60, na mwingine huzidi. Una nyuso mbili za mawe ya matumbawe, ya nje na ya ndani, na katikati umejazwa vipande vya mawe kwa chokaa na udongo mwekundu. Chini hauna tabaka la kuzuia maji ya ardhini. Waliojenga walijua maji yataingia, wakaacha yatoke: lipu ya chokaa ina vinyweleo, jua na upepo vinavuta unyevu nje. Ukiufunika ukuta huo kwa saruji, maji yanaingia kupitia nyufa nyembamba kama uzi na kutoka hayawezi. Yanapanda juu kutafuta pa kutokea, yakibeba chumvi. Chumvi ikikauka nyuma ya lipu inakuwa chembe ngumu zinazosukuma, na ndizo zinazoibandua. Hilo bado ni la nje. La hatari ni kule katikati, ambako udongo ulioloa miaka mingi unalegea na kuteremka, ukuta unabaki maganda mawili yasiyoshikana.

Upande mmoja wa Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 matengenezo yakiendelea, watu wawili wakapoteza maisha. Tangu siku ile watu mjini wanaziogopa nyufa, na ni vizuri waziogope. Lakini hofu hiyohiyo ndiyo inayowafanya wengi wakimbilie mfuko wa saruji.

Kazi huanzia juu ya paa

Usitie mwiko ukutani kabla hujapanda darini. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 50, ambayo masika huleta bila shida, linakusanya lita 5,000. Mlizamu mmoja ukiziba kwa majani na vijiti vya kunguru, maji yote hayo yanamwagikia sehemu moja ya ukuta. Pabaya kuliko pote ni mfereji ulio kati ya paa lako na la jirani, kwa sababu hauonekani kutoka chini na kila mmoja anadhani ni wa mwenzake. Fanyeni makubaliano, usafishwe kabla ya Machi na tena kabla ya vuli, mwezi wa Septemba. Bomba la kushusha maji lisipungue inchi 4, lishikwe nje ya ukuta kwa vibanio vinavyoliacha mbali kidogo na lipu, na chini lisiishie kwenye baraza bali lipeleke maji kwenye mtaro.

Mabati ya geji 30 au 32 hayadumu na hewa ya bahari (namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba). Nunua geji 28, misumari iliyopakwa zinki yenye kofia, na uipige kwenye matuta ya bati, si kwenye mabonde. Halafu subiri mvua kubwa ya usiku, chukua tochi, upande chini ya paa uangalie. Mvua ya nusu saa itakuonyesha mengi kuliko ukaguzi wa mchana kutwa.

Ukiona mche wa jamii ya mkuyu umeota juu ya ukuta (ndege na popo ndio wapanzi), ung'oe ukiwa na majani manne. Mzizi ulioshanenepa usivutwe, utatoka na mawe. Ukate, uuchimbe kidogo kidogo, ujaze nafasi yake kwa chokaa.

Kabla ya hayo yote, kibali. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kazi inayogusa kuta, paa, milango au roshani hupitia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Kama nyumba ni ya wakfu, anza na Kamisheni ya Wakfu. Peleka picha na vipimo, usiende na maneno matupu.

Chokaa

Chokaa ya mfuko uliokaa dukani umefunguka imeshakufa. Imevuta hewa na kugeuka chaki, haitashika kitu. Pata chokaa iliyotoka tanuuni karibuni, uizime mwenyewe. Tia maji kwanza kwenye pipa la chuma, kisha ongeza mawe ya chokaa kidogo kidogo. Usifanye kinyume, maana maji yakimwagwa juu ya chokaa yanachemka na kuruka machoni. Miwani na glavu ni lazima, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Ikishatulia, ichuje kwa wavu mwembamba, uiache chini ya maji yenye kina cha vidole vinne. Mwezi mmoja ndio uchache wake. Ikikaa mitatu inakuwa laini kama siagi na fundi ataona tofauti mkononi.

Mchanga wa pwani una chumvi, ndiyo kusema unaurudisha ugonjwa uliotaka kuutibu. Maji ya kisima cha karibu na bahari vilevile. Mchanga wa shimo nao upime: tia kwenye chupa nyeupe mpaka nusu, jaza maji, tikisa, uache usiku. Tope litakalokaa juu likizidi sehemu moja kwa kumi ya mchanga, uoshe kwanza.

Kipimo ni karai moja la chokaa kwa makarai matatu ya mchanga. Kwa mita za mraba 10 zenye lipu ya sentimita mbili na nusu, utahitaji ndoo 12 au 13 za lita 20 za mchanga na ndoo 4 za chokaa, kisha ongeza sehemu moja ya tano kwa sababu kuta hizi zina mashimo. Fundi atakushauri utie "saruji kidogo tu ili ishike haraka". Kataa. Mchanganyiko huo hauna nguvu ya saruji wala pumzi ya chokaa.

Lipu ya zamani ya saruji itolewe kwa patasi na nyundo ndogo, si kwa mashine ya kutetemesha, ambayo hulegeza mawe. Kisha acha ukuta wazi. Makisio ya mafundi ni inchi moja ya unene kwa mwezi, kwa hiyo ukuta wa sentimita 50 unaokauka pande zote mbili unaweza kuchukua miezi kumi. Hapa ndipo subira za watu hukatika, na hapa ndipo pesa hupotea. Ukiweza, bandua mwanzo wa kiangazi, upige lipu Kusi ikivuma, Juni hadi Septemba. Kaskazi jua ni kali mno, chokaa inakauka kabla haijashika. Kukauka na kushika ni mambo mawili: chokaa hushika kwa kuvuta hewa polepole, nayo huivuta ikiwa na unyevunyevu.

Lowanisha ukuta jioni, tena asubuhi. Tabaka la kwanza lirushwe kwa mwiko, lisizidi sentimita moja na nusu. Siku ya pili zitatoka nyufa ndogo. Zikandamize kwa ubao mpaka zifunge. Tundika magunia yaliyoloweshwa mbele yake kwa siku nne hadi saba, uyanyunyizie maji asubuhi na jioni. Subiri kama siku kumi ndipo utie la pili. Lipu ikipasuka kama tope la bwawa lililokauka, chokaa ilizidi au maji yalizidi. Ikitoka unga ukiifuta kwa kiganja, ilikaushwa na jua. Ikidondoka kwa vipande, ukuta haukuloweshwa.

Mwisho ni chokaa ya kupaka, nyepesi kama maziwa, mara nne au tano, siku moja moja. Mpako wa kwanza hauonekani kabisa ukiwa mbichi. Usiuzidishe uzito kwa sababu hiyo. Rangi ya plastiki juu ya lipu ya chokaa inaziba vinyweleo vilevile, ni kama hukufanya kitu.

Ukuta wenye tumbo

Ufa mwembamba wa lipu si wa kukukosesha usingizi. Piga misumari miwili, mmoja kila upande wa ufa, upime umbali baina yake kila mwanzo wa mwezi na uandike tarehe. Usipobadilika miezi sita, umelala. Ukiongezeka, au ukawa mpana juu na mwembamba chini, tundika timazi kutoka ghorofa ya juu na upime umbali wa uzi na ukuta kila nusu mita. Vipimo vikikuonyesha tumbo katikati, zile nyuso mbili zimeachana, na hiyo ni kazi ya mhandisi anayejua kuta za mawe. Dawa yake kwa kawaida ni kutia uji wa chokaa ndani ya ukuta kupitia matundu, kuanzia chini kwenda juu kwa hatua za nusu mita, na kuacha kila hatua ishike kabla ya inayofuata. Ukiujaza wote siku moja, uzito wa uji wenyewe unausukuma uso wa nje.

Boriti nazo huozea pale ncha inapoingia ukutani, katikati zikionekana nzima. Chomeka bisibisi kwenye ncha. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemka, boriti imekwisha. Kabla ya kuitoa, simamisha mirunda, yaani nguzo za muda, juu ya mbao nene, na mirunda hiyo ifuatane ghorofa kwa ghorofa mpaka ardhini. Kuegemeza sakafu ya tatu juu ya sakafu ya pili iliyochoka ni kuhamisha ajali. Badilisha boriti moja moja. Boriti mpya ya mkoko iwe imekatwa kwa kibali na kukauka, iwekwe dawa ya mchwa hasa nchani, ilale juu ya jiwe bapa, na iachiwe nafasi ya vidole viwili kuzunguka ncha ipate hewa. Ukiiziba kwa saruji, umeianzishia kuoza upya.

Mizigo ambayo nyumba haikujengewa

Tangi la lita 2,000 likijaa ni tani mbili mahali pamoja. Liweke juu ya mihimili inayokaa kwenye kuta nene za pande mbili, kamwe si katikati ya chumba. Vigae navyo: chumba cha mita 3 kwa 6 kikimwagwa tabaka la saruji la sentimita 5 juu ya sakafu ya zamani, boriti zimebeba karibu tani mbili zaidi, kabla hujaweka kitanda. Bandua kwanza ya zamani iliyolegea. Vyoo vipangwe kimoja juu ya kingine kwenye ukuta wa nje, mabomba yaonekane. Si mapambo, lakini bomba lililofichwa ukutani likivuja utalijua baada ya miaka mitatu. Hata maji ya kiyoyozi, tone kwa tone, yanatosha kuozesha ncha za boriti nne.

Majumba ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yasitibiwe hivi. Yale ni ya zege na nondo, na huko saruji ndiyo dawa. Nondo ikipata kutu inavimba na kulipasua zege, kwa hiyo usipake lipu juu ya ufa. Chimba mpaka nyuma ya nondo kwa sentimita mbili, isugue kwa brashi ya waya mpaka ing'ae, na kama imeliwa sana, unganisha nyingine kwa ushauri wa mhandisi. Ipake dawa ya kutu siku hiyohiyo, kwa sababu ikilala wazi usiku mmoja kwa hewa ya hapa, asubuhi unaanza tena. Kisha jaza kwa saruji maalumu ya kukarabati zege, mchanga uliooshwa, na unene usiopungua sentimita mbili na nusu juu ya nondo. Bomba la maji machafu linaloshuka ghorofa zote lisikarabatiwe na mwenye chumba kimoja; likifungwa vizuri ghorofa ya nne, litavujia ya tatu.