Spider-Man ya 2002 na ya 2012: kwa nini bado naisimamia ile ya zamani, ingawa Garfield anaigiza vizuri zaidi

Mkuu, umeuliza kama ile Spider-Man ya Andrew Garfield (2012) ni bora kuliko ya Tobey Maguire (2002), au sisi tunaoitetea ya zamani tunatetea utoto wetu tu. Swali zuri, na nimekuwa nalo muda mrefu. Tahadhari kwa wengine: nasimulia hadi mwisho, asiyeziona apite.

Kwa uigizaji, hasa wa wale vijana wawili wapenzi, ya 2012 inashinda. Kwa kisa, ya 2002 inashinda, tena kwa mbali. Hivi karibuni nilizirudia zote mbili, usiku mmoja baada ya mwingine, nikiwa na mdogo wangu. Kwake yeye Spider-Man wa kwanza ni Garfield, hiyo ya Tobey alikuwa anaisikia tu kwa wakubwa. Kwa hiyo kulikuwa na mtu mmoja kwenye kochi asiye na utoto wa kutetea, na mengi ninayoandika hapa nimeyapata kwa kumtazama yeye akitazama.

Kwa wasiojua ilivyokuwa: Sam Raimi aliongoza tatu, 2002, 2004 na 2007. Ya nne ilikuwa kwenye maandalizi, ikavunjwa Januari 2010, na Sony wakaamua kuanza upya kabisa, na mwongozaji mpya Marc Webb, na Peter Parker, kijana anayekuwa Spider-Man, akirudishwa shuleni. Filamu ikatoka Julai 2012. Yaani miaka mitano tu tangu Tobey aage, na miaka kumi tangu tuoneshwe buibui akimng'ata yule kijana. Batman alipoanzishwa upya 2005, ile ya mwisho kabla yake ilikuwa ya 1997 na kila mtu alitaka kuisahau. Spider-Man hakuwa na bahati hiyo. Watu walikuwa bado wanakumbuka kila kitu, na Webb akalazimika kusimulia kisa kilekile huku akikwepa kufanana nacho. Matatizo karibu yote ya ile filamu yanatokea hapo kwenye kukwepa.

Chukua kifo cha mjomba Ben, aliyemlea Peter. Bila kifo hicho hakuna Spider-Man, kuna kijana anayeruka ukutani.

Kwa Raimi mambo yamepangwa hivi. Peter anataka gari ili amvutie Mary Jane, msichana anayempenda. Anaona tangazo la mieleka: dola 3,000 kwa atakayesimama ulingoni dakika tatu. Anamdanganya mjomba wake kwamba anakwenda maktaba. Mjomba anampeleka, na ndani ya gari anamwambia ule usemi maarufu, kwamba nguvu kubwa huja na wajibu mkubwa. Peter anamjibu vibaya, anamwambia aache kujifanya baba yake. Anaingia ulingoni, anashinda mapema mno, na promota anampa dola 100 kwa kisingizio kwamba dakika tatu hazikutimia. Peter anasema anazihitaji hizo pesa. Promota anamjibu kwamba haoni hilo linamhusu nini. Sekunde chache baadaye mwizi anampora promota yuleyule, anakimbilia kwenye lifti, Peter anampisha. Promota anapolalamika, Peter anamrudishia jibu lake lilelile, neno kwa neno.

Hapo mdogo wangu alicheka. Alifurahi kabisa, kama sisi sote tulivyofurahi. Promota alistahili! Kisha Peter anatoka nje na kukuta watu wamejaa barabarani, mjomba amelala chini, gari limechukuliwa. Anamfukuza muuaji hadi kwenye jengo bovu, anambana dirishani, mwanga unamwangukia usoni, na ni yuleyule wa kwenye lifti. Raimi anaturudisha kwa nukta moja kwenye ile lifti. Mdogo wangu akanyamaza, maana na yeye alikuwa amecheka.

Angalia hesabu ilivyofungwa. Uongo wa maktaba ndio uliomleta mjomba mahali pale. Jibu la jeuri ndilo lililokuwa neno la mwisho la maana kati yao. Hasira ya Peter kwa promota ilikuwa ya haki, na hapo ndipo ukali wa kisa ulipo: alikosea akiwa na sababu nzuri. Halafu mwizi anajikwaa na kuanguka dirishani, kwa hiyo hata kisasi chenyewe hakimpi chochote. Kinachobaki ni lawama yake mwenyewe, na filamu tatu zinaendeshwa na lawama hiyo.

Sasa ya 2012. Peter anagombana na Ben kwa sababu alisahau kumpitia shangazi May, mke wa Ben. Anatoka nyumbani kwa hasira, anaingia dukani kununua maziwa, anapungukiwa senti mbili. Muuzaji anakataa kumwachia. Mwizi anaiba pesa za duka, anamrushia Peter yale maziwa, anakimbia. Muuzaji anaomba msaada, Peter anakataa. Nje, Ben anayemtafuta Peter anakutana na mwizi, bastola inaanguka, wanaigombania, Ben anapigwa risasi.

Ukiisoma haraka unaweza kusema ni kilekile. Si kilekile. Senti mbili hazijengi hasira ya kumfanya mtazamaji awe upande wa Peter, mdogo wangu hata hakumtazama muuzaji. Na Ben hauawi kwa sababu mwizi aliachiwa tu, anauawa pia kwa sababu aliamua kuivamia bastola. Lawama inagawanyika. Martin Sheen, anayemwigiza Ben, anaigiza vizuri sana, lakini hata ule usemi maarufu wameuogopa, wakampa maneno marefu yenye maana ileile kuhusu baba yake Peter na wajibu wa kuwatendea wengine mema. Mtu akikwepa sentensi ambayo ukumbi mzima unaijua, watu wanasikia kukwepa kwake kuliko anachosema.

Kibaya zaidi kinakuja baadaye. Peter anaanza kumsaka muuaji usiku, akikagua mikono ya vibaka kutafuta alama ya nyota. Ndiyo sababu yake ya kuvaa kinyago. Kisha filamu inakuwa na mambo mengine, msako unafifia, na muuaji hapatikani. Dakika za mwisho mdogo wangu aliniuliza, "Yule wa nyota vipi?" Sikuwa na la kumjibu, maana filamu yenyewe haina.

Na kuna habari ya wazazi. Mabango yalituahidi hadithi ambayo haijawahi kusimuliwa. Tunafunguliwa na baba anayeficha nyaraka na kutoroka na mkewe, mtoto anaachwa kwa Ben na May. Unasubiri. Unasubiri hadi majina ya waigizaji yanaanza kupita, ndipo mtu wa gizani anamuuliza Connors, adui wa filamu hiyo, kama amemwambia kijana ukweli kuhusu baba yake. Yaani umelipa kiingilio, jibu liko kwenye filamu ijayo. Isitoshe, ukimpa Peter baba mwanasayansi mwenye siri, unampunguzia kile kinachomfanya apendwe: kwamba angeweza kuwa kijana yeyote.

Haya, nimeisema sana, sasa niitendee haki.

Garfield na Emma Stone ni wapenzi bora kuliko Maguire na Kirsten Dunst, na sioni hata pa kubishania. Angalia pale kwenye korido ya shule Peter anapojaribu kumwalika Gwen (Stone) watoke. Hakuna anayemaliza sentensi. Mmoja anaanza, mwingine anadakia, wote wanatabasamu kwa kitu ambacho hakijasemwa, na mwisho wamekubaliana jambo bila kulitaja. Webb alikuwa ametoka kutengeneza filamu ya mapenzi 2009, na inaonekana hapo ndipo alipokuwa nyumbani. Gwen mwenyewe ana akili na kazi yake, anamjua Peter ni nani mapema, na anatengeneza dawa ya kumzuia adui. Mary Jane wa Raimi (Dunst) kazi yake kubwa ni kutekwa na kupiga kelele. Lile busu la mvuani la kichwa chini ni picha nzuri mno, lakini ni picha. Mazungumzo yao ya kawaida ni mazito, kama watu wanaosoma barua.

Utando nao. Raimi aliutoa mwilini, kwenye vifundo vya mikono, na wapenzi wa vitabu vya katuni walinuna, kwa sababu tangu Stan Lee na Steve Ditko wamlete 1962 Peter alikuwa ameunda mwenyewe mashine ya kurushia utando. Webb alirudisha mashine. Mimi nauona uamuzi huo ni sahihi, unamwonesha Peter kama fundi mwenye kichwa. Hata chumbani kwake mlango anaufunga kwa rimoti aliyoiunda.

Kwa maadui sina maneno mengi. Mjusi wa 2012, yaani Connors (Rhys Ifans) akishageuka, ni mchoro mkubwa wa kompyuta wenye mkia, na mpango wake wa kugeuza mji mzima kuwa mijusi ni wa watoto. Willem Dafoe, Goblin wa 2002, kwa upande mwingine, alivalishwa kofia ngumu ya kijani isiyosogea hata mdomo, na bado akatisha. Tukio lake lenye nguvu zaidi halina kofia hata kidogo: yuko nyumbani, anaongea na kioo, uso mmoja unaogopa na mwingine unacheka, sauti mbili, mtu mmoja. Halihitaji fataki yoyote.

Kuna ulinganisho mmoja naupenda kuliko wote, kwa sababu waongozaji wote wawili walitaka kitu kilekile: mji umsaidie shujaa wake. Kwa Raimi, watu wa New York wako juu ya daraja, Spider-Man ananing'inia chini akiwa na Mary Jane mkononi na behewa la watoto kwenye kamba, na watu wanaanza kumtupia Goblin chochote walichonacho. Takataka. Filamu ilitoka Mei 2002, miezi minane hivi baada ya mashambulizi ya Septemba 11, na unaelewa wale watu wanapiga kelele kwa niaba ya nani. Kwa Webb, Spider-Man amejeruhiwa mguu, na baba ambaye mtoto wake aliokolewa anawaita madereva wa kreni wazigeuze juu ya barabara ili apate pa kushikia. Wengine huku wanalicheka sana tukio hilo. Mimi hapana, lina deni linalolipwa. Lakini limetengenezwa safi kupita kiasi, kreni zimejipanga kama gwaride. Takataka za darajani zinaaminika zaidi.

Sokoni hakuna iliyoanguka. Ya 2002 ilivuka dola milioni 800 dunia nzima, ya 2012 ikavuka milioni 750. Ila ya pili ilitumia pesa nyingi zaidi kutengenezwa, tena wakati tiketi za 3D zimeshapandisha bei. Muendelezo wake wa 2014 ukashuka, na mwaka uliofuata Sony wakakubaliana na Marvel, Garfield akawekwa pembeni.

Kama unataka kuzipanga wikiendi hii, anza na ya 2002 na ya 2004 mfululizo, usiweke kitu katikati. Ya 2007 iache mpaka upate siku huna la kufanya. Kisha ya 2012, na ukiwa umempenda Gwen, ya 2014 itazame hata kama watu wanakukataza, kwa ajili ya tukio la mnara wa saa. Halafu Spider-Man: No Way Home ya 2021, ambako Garfield anapewa nafasi ya kuonesha alichonyimwa kwenye filamu mbili. Mdogo wangu, kwa taarifa yako, bado anasema Garfield ndiye mkali, lakini ile ya Tobey ndiyo aliyoirudia peke yake.