Wagargari na Waingushi: ni ukoo kweli au majina tu yamefanana?

SWALI: Shikamoo mzee wa majibu. Mi nasoma Urusi, mwaka wa pili, hosteli nalala na jamaa Muingushi (hao ni watu wa milima ya Kaukazi, kusini mwa Urusi), mshkaji poa sana ila akianza stori za kwao hamalizi. Juzi kaniambia eti mababu zake ni kabila la milimani wanaitwa Wagargari, na kwamba walikuwa wanakutana na wale wanawake wapiganaji, Waamazoni, wanazaa nao halafu kila mtu anarudi kwao. Nikacheka, akanuna. Ni kweli au ananipiga kamba?
Mdau wa Tabora, niko baridini

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza nenda kamwombe radhi, maana hiyo stori hajaitunga yeye, iko kwenye jiografia ya Strabo, Mgiriki wa miaka kama 2,000 iliyopita. Anaandika kwamba Wagargari walipakana na Waamazoni huko chini ya milima ya Kaukazi, basi kila mwaka majira ya machipuko, miezi miwili, pande zote mbili zinapanda mlima uliowatenganisha, wanatoa sadaka pamoja, halafu gizani mtu na yeyote aliyemkuta, hakuna kuulizana jina. Akizaliwa wa kike anabaki kwa mama, wa kiume anapelekwa kwa Wagargari, na kila mwanaume anayepewa mtoto anamlea kama wake kwa sababu hajui, pengine ni wake kweli. Mi hapo ndo napapenda kuliko pote, hao Waamazoni wenyewe wala hawanishtui.

Ila sasa sikia, Strabo hasemi ameyaona, anawanukuu waandishi wengine, na mwenyewe anashangaa kwamba mambo mengine watu wanatenganisha hekaya na historia lakini ya Waamazoni yanasimuliwa vilevile tangu zamani. Kwa hiyo hata yeye alikuwa na mashaka.

Waingushi wanaingiaje? Ni kwa jina. Kiingushi kina neno gergara, maana yake wa karibu, ndugu, halafu wenyewe hawajiiti Waingushi, wanajiita Ghalghai, hilo la Ingush limetoka kwenye kijiji cha Angusht. Ukiyaweka pamoja Gargari, gergara na Ghalghai unaona yanalingana masikioni, na si watu wa vijiweni tu walioona hivyo, hata Evgeny Krupnov, mwanaakiolojia wa Kisovieti aliyechimba sana kule, aliuunga mkono uhusiano huo. Mimi bado nasita. Ghalghai wengi wanalifafanua kuwa ni watu wa minara, kwa sababu kwao ghala ni mnara wa mawe, na kwetu ghala ni pa kuwekea mahindi, sasa kwa masikio tu na sisi si tungekuwa binamu zao?

Ukitaka kitu cha kushika mkononi angalia hiyo minara yenyewe, iko bonde la Assa na Jeirakh, vijiji kama Erzi na Vovnushki. Ule wa vita unaitwa vov, unaenda mita 25 na zaidi, chini mpana juu unabana, na mlango hauko chini, uko ghorofa ya pili, unapanda kwa ngazi ukishaingia unaivuta ndani, adui abaki anatazama ukuta. Mila inasema ujenzi uishe ndani ya mwaka mmoja, ukishindwa ni aibu ya ukoo mzima. Ila hii ni ya zama za kati na kuja huku, kutoka kwa Strabo hapo kuna zaidi ya miaka elfu, na hilo pengo jina peke yake haliwezi kuliziba.

Na kwa nini alinuna, nadhani ni hivi: tarehe 23 Februari 1944 Stalin aliwahamisha wote, wao na Wachecheni, wakapakiwa kwenye treni hadi Kazakhstan na Kirgizia, jamhuri yao ikafutwa, wakaanza kuruhusiwa kurudi 1957. Bibi yake au babu yake huenda alikuwemo humo. Mtu wa hivyo ukimchekea mababu unategemea nini? Muulize mnara wa ukoo wao uko kijiji gani, utakesha.

SWALI: Kwani hao wanaongea Kirusi au wana lugha yao?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Kirusi wanakijua ila lugha yao ni Kiingushi, ndugu wa damu wa Kichecheni, mbali kabisa na Kirusi. Na kina ngeli! Neno linalomaanisha "ni" linabadilika mwanzo kufuata nomino, mwanaume ni va, mwanamke ni ya, vingine vinagawana ya, ba na da. Na kabla hamjaniandikia, hapana, hiyo nayo haitufanyi ndugu.