Wasomaji Wauliza: Bizimu ya Kijerumani Imefikaje Langoni?

SWALI: Assalaam alaykum. Ndani ya kasha la marehemu babu yangu nimekuta bizimu ya mkanda yenye taji na maneno "Gott mit uns" (Mungu yu pamoja nasi), pamoja na picha ya askari waliovaa tarbushi. Jamaa wanasema ni vitu vya Wadachi waliokuwa Witu. Je, ni kweli? Tena nivisafishe vipi kabla ya kuviuza? – Msomaji, Langoni, Lamu.

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yetu. Tunakusihi kwanza usisafishe chochote. Weusi wa shaba ni ushahidi wa umri, na dawa ya kung'arishia hula chapa ndogo ya mtengenezaji, ambayo ikishafutika hairudi. Pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu cha pamba, kisha uviweke mbali na unyevu wa bahari.

Kuhusu Witu, tarehe zinapingana na jamaa zako. Wajerumani waliitwaa Witu kuwa himaya yao mwaka 1885 kupitia kwa ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, wakafungua posta hapa mjini Lamu mwaka 1888, kisha wakawaachia Waingereza nchi hiyo kwa mkataba wa mwaka 1890. Schutztruppe, jeshi la kikoloni ambalo askari wake walivaa tarbushi yenye alama ya ndege tai, liliundwa rasmi mwaka 1891, walipokuwa wamekwisha kuondoka kwetu. Kwa hiyo, ikiwa hao pichani ni askari wa Mjerumani, tunaona inaelekea zaidi kwamba picha ilitoka Tanganyika, pengine katika mzigo wa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) au wa mpagazi aliyerudi kutoka vita vya 1914 hadi 1918.

Itazame kwa kioo cha kukuzia. Askari wa Mjerumani alikuwa na tai mdogo mbele ya tarbushi iliyovishwa kitambaa cha kaki, na wengi wao walibeba bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ambayo mtutu wake hutokeza wazi mbele ya sehemu yake ya mti. Ukiona mti umefika hadi mdomoni mwa mtutu, hiyo ni Lee-Enfield fupi ya Waingereza. Geuza na nyuma ya picha pia: jina la mpiga picha au mwandiko wa kalamu huweza kuamua jambo lote.

Bizimu yenyewe ni ya jeshi la Prussia, dola kubwa kuliko zote ndani ya Ujerumani ya wakati huo. Wabavaria, watu wa dola nyingine ya Kijerumani, waliandika "In Treue fest" (imara katika uaminifu), na kama katikati pangekuwa na tai aliyeshika swastika, alama ya Wanazi, ingekuwa ya jeshi la Hitler. Tazama imetengenezwa kwa madini gani, kwani kuanzia mwaka 1915 nyingi zilifanywa kwa chuma, kwa sababu shaba ilihitajika viwandani kwa ajili ya silaha.

Kabla ya kuuza, ongea na wazee, uandike babu alifanya kazi gani na alisafiri wapi. Bizimu kama hiyo ni nyingi sana Ulaya. Yenye habari za mwenyewe ni hiyo yako tu, na kuitenganisha na habari zake ni hasara kubwa kuliko fedha utakazopata. Fahamu pia kwamba Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inalinda vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na havitolewi nchini bila kibali. Maadamu umri wake haujathibitishwa, ipeleke makumbusho ya Lamu ikaangaliwe.

SWALI: Mgeni mmoja ananiuzia Msalaba wa Chuma, nishani ya kijeshi ya Kijerumani, wa mwaka 1939, akidai uliachwa hapa na askari wa Kijerumani. Niununue? – Msomaji, Malindi.

JIBU: Ndugu yetu, mabomu yaliyoangushwa Malindi mwaka 1940 yalikuwa ya Waitaliano, si ya Wajerumani, hivyo hadithi hiyo ina walakini. Weka sumaku katikati: nishani ya asili kwa kawaida ina moyo wa chuma cheusi ndani ya fremu ya rangi ya fedha. Sumaku isiposhika, uwe na shaka. Ikishika, bado usiamini, maana waigaji nao hutumia chuma. Ukikuta majani ya mwaloni mahali pa swastika, imetengenezwa baada ya sheria ya Ujerumani ya mwaka 1957 iliyowaruhusu wapiganaji wa zamani kuvaa nishani zao bila alama hiyo. Muulize ameipata wapi na lini, na akikataa kukuandikia jibu hilo kwenye stakabadhi, mrudishie nishani yake.