Kabla hujaandika "wamedukuliwa"

Tarehe 28 Februari 2017 nilijitia ujuaji mbele ya watu. Tovuti nyingi zilikuwa zimezimika kwa pamoja, picha hazifunguki, programu za simu zinazungusha kiduara tu. Hata kichwa cha habari sijakimaliza, nikawa nimeshaandika: "Wamedukuliwa. Hii si kazi ya mtu mmoja." Watu wakaanza kuninukuu, nami kichwa kikavimba.

Siku chache baadaye Amazon, ambayo tovuti hizo zilikuwa zimeweka mafaili yao kwenye kompyuta zake, ikatoa maelezo. Kumbe fundi wao mmoja alikuwa anachunguza kwa nini mfumo wa malipo wa S3, ghala lao la mafaili huko Virginia Kaskazini, unajikokota. Akaandika amri ya kuondoa seva chache, yaani kompyuta zinazoendesha huduma, akakosea kipande kimoja cha amri hiyo, zikaondoka seva nyingi kuliko alivyokusudia. Basi, ni hilo tu. Ila seva hizo zilikuwa zimebeba mifumo miwili ambayo S3 haiendi bila hiyo, ikabidi iwashwe upya yote, na kwa jinsi ghala lilivyokuwa limekua, kuwaka kwenyewe kukachelewa. Jumla ilikuwa kama saa nne hivi. Kuna kipande nilikisoma mara mbili: ukurasa wa kuwajulisha wateja kama huduma ni nzima au mbovu nao ulitegemea S3 hiyohiyo, kwa hiyo kwa muda hawakuweza kuubadilisha. Nyumba inaungua, na king'ora kimefungiwa chumbani.

Nikanywea. Yule "mtu mmoja" niliyemkataa ndiye hasa aliyekuwepo.

Tangu hapo, huduma kubwa ya wingu, yaani kompyuta za mbali zinazotumiwa kupitia mtandao, ikianguka nakaa kimya hadi mafundi wenyewe waseme. Kampuni kubwa nyingi huandika ripoti tukio likiisha, na ndani yake mna mambo matamu kuliko uvumi wowote. Wakati wa kusubiri, ninachofanya ni kufuata habari hadi chanzo chake. Fungua makala tano zinazosema jambo moja, bofya viungo vyake, aghalabu utajikuta umefika kwa mtu yuleyule mmoja aliyeandika mistari miwili. Hapo huna mashahidi watano. Tarehe 19 Julai 2024, skrini za buluu za kompyuta zilizogoma kuwaka zilipojaa kwenye viwanja vya ndege na hospitali, vidole viliniwasha kweli. Nilijizuia. Ilikuwa ni sasisho bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike, na Microsoft ilikadiria kompyuta milioni 8.5 za Windows ziliguswa. Waliokwisha kutangaza vita vya mtandaoni nawaelewa sana, maana kiti hicho nimewahi kukikalia.

Habari za gemu zina utata wake, kwa sababu huko hata msemaji rasmi hatoshi. Chukua Stadia, huduma ya Google ya kucheza gemu kwa njia ya wingu. Julai 2022 ulipozuka uvumi kwamba inafungwa, akaunti yao ilijibu kwamba haifungwi. Nilimbishia rafiki yangu kwa jibu hilo, nikaamini nimemmaliza. Tarehe 29 Septemba mwaka huohuo wakatangaza kuifunga, na tarehe 18 Januari 2023 ikazimwa. Wanunuzi walirudishiwa fedha za gemu, hilo niwape haki yao. Lakini dalili ilikuwepo tangu Februari 2021, Google ilipovunja studio zake yenyewe za kutengeneza gemu za Stadia. Mimi nilikuwa nasoma wanachosema, rafiki yangu akawa anatazama wanachofanya. Siku hizi kabla ya kubishana juu ya uhai wa huduma yoyote natazama kwanza kama bado wanaajiri watu wake, bado wanaitolea vitu vipya, au wamebaki kuipaka rangi.

Na ukikosea, usifute. Andika chini ya maneno yako kwamba ulikosea, weka na ripoti yenyewe, watu wasome. Yale yangu ya 2017 bado yapo pamoja na masahihisho yake. Kila seva zinapozima mahali, hakosi mmoja wa kunirushia tena na kuuliza: "Mkuu, safari hii wako wangapi?"