Masaa 18 ya kungoja ndege Dubai: utoke nje au ubaki uwanjani?

Mdogo wangu, umeuliza kama ukishuka Dubai mwezi wa nane asubuhi, na ndege yako ya Guangzhou, China, ni ya usiku, inafaa utoke kuona mji. Mimi nilitoka. Ilikuwa Agosti 2019, natoka Goma kwenda kununua viatu vya watoto na mikoba. Nilijuta, ingawa si mwanzo hadi mwisho.

Kwanza nguo. Mtu wa Goma akisafiri anavaa koti, na mimi nilikuwa na langu zito, maana basi la kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wetu na Rwanda, hadi Kigali linapita milimani na baridi yake unaijua. Nikafika Dubai saa kumi na nusu alfajiri. Mlango wa kioo ukafunguka, miwani ikajaa ukungu papo hapo, sioni mbele wala nyuma. Nikadhani nimesimama karibu na injini ya basi. Nikasogea hatua kumi. Injini haikuwepo, ndiyo hewa yao. Ni ule mvuke unaokupiga usoni ukifunua sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, tofauti ni kwamba sufuria unaweza kuifunika tena. Na jua lilikuwa bado halijachomoza!

Pili, ilikuwa Ijumaa, na hapo kosa ni langu, sikuuliza. Siku hizo Ijumaa ndiyo ilikuwa wikendi yao, na metro, treni yao ya mjini, ilianza saa nne asubuhi. Nikachukua taksi. Taksi za uwanjani zinaanza kuhesabu kwenye dirham 25 kabla gurudumu halijageuka, na dola moja ni dirham 3.67, bei ambayo haijasogea tangu 1997. Kwa hiyo karibu dola saba zimekwenda na bado umekaa palepale. Nikamwambia dereva Deira, kwenye masoko ya wafanyabiashara. Akanishusha mbele ya mlango wa chuma uliofungwa. Pembeni mlango mwingine umefungwa. Barabara nzima imefungwa, paka wawili tu chini ya gari. (Tangu Januari 2022 wikendi yao imehamia Jumamosi na Jumapili, lakini Ijumaa mchana kwenye swala bado usitegemee mtu akufungulie.)

Saa nne metro ikaanza, nikaenda kwenye Burj Khalifa, ule mnara wao mrefu, kama kila mgeni. Treni haina dereva, ina behewa la akina mama, safi sana, na ukinywa hata maji humo ndani faini ni dirham 100. Kutoka kituoni hadi kwenye lile duka kubwa lililo chini ya mnara kuna njia ya kioo ya zaidi ya mita 800. Mnara wenyewe ni mita 828. Yaani nilitembea karibu mnara mzima ukiwa umelazwa chini, na kabla sijaona kitu miguu imekwisha.

Ndani ya duka ni barafu. Ndugu, nililivaa koti langu la Goma tena, ndani ya jangwa, saa sita mchana! Nilizunguka masaa matatu na sikununua hata kitambaa cha mkononi. Kuna ziwa la kuchimbwa lenye chemchemi zinazorusha maji juu kwa muziki, watu wanashangilia, na mimi nawaza bidoni zetu njano, yale madumu ya maji: tuna Ziwa Kivu zima mlangoni na bado maji tunanunua kwa bidoni. Nikatoka nje kupiga picha ya mnara. Anga lilikuwa rangi ya vumbi, ncha haionekani vizuri, simu ikapata joto hadi ikajizima yenyewe. Kupanda hadi ghorofa ya 124 kulikuwa zaidi ya dirham 100. Nikakataa. Volkano yetu Nyiragongo ni mita 3,470, inawaka, na siku zile usiku niliiona toka uani kwangu bila tiketi.

Kilichonichosha zaidi ni kutembea. Niliona jengo ng'ambo ya barabara, karibu kabisa, nikasema nitavuka. Utavukia wapi? Sheikh Zayed Road ina njia zaidi ya kumi za magari, na mtu wa miguu hana pa kupita hadi arudi kwenye daraja la kituo cha metro. Sisi tuliozoea kumwita mwenye pikipiki kwa kupiga mluzi, mji ule unakufanya ujione umesahauliwa kwenye hesabu.

Kitu kimoja kilinifurahisha mle dukani. Msichana wa kahawa alinisikia nikiongea kwenye simu akaniuliza, "Mama, wewe ni wa Kongo?" Mkenya. Alicheka Kiswahili changu, nikacheka chake, akaniambia: rudi Deira baada ya saa kumi, masoko yanafunguliwa, na panda abra.

Nikamsikiliza. Abra ni mtumbwi wa mbao wenye injini, unavusha watu mkono wa bahari unaoitwa Creek, kutoka Deira hadi Bur Dubai, kwa dirham moja. Mnakaa mgongo kwa mgongo, wafanyakazi wa Kihindi na Kipakistani, miguu karibu na maji, na kaupepo kidogo. Nilivuka mara nne. Mwenye mtumbwi safari ya tatu hakunyoosha tena mkono kuomba dirham, mimi mwenyewe nikampa. Kisha chai ya maziwa yenye iliki, wanaiita karak, kwenye kikombe cha karatasi, nimesimama barabarani. Siku nzima ile niliilipia kwa ajili ya saa moja na nusu hiyo.

Kuhusu viza: ya kupita ya masaa 48 haina ada ya serikali, ya masaa 96 ni dirham 50, ila inaombwa kabla ya safari kupitia shirika la ndege la kwao. Wakala wangu alinitoza dola 60 kwa ya masaa 48. Uliza shirika lenyewe kwanza.

Kwa hiyo, kama ni Agosti, lala uwanjani hadi alasiri. Saa kumi chukua metro hadi kituo cha Union, badilisha treni hadi kituo cha Al Ras, vuka na abra, kunywa karak, saa moja uwe umerudi. Mnara utauona toka dirishani mwa ndege. Kama ni Januari, hilo ni swali jingine, maana hewa yao inakuwa kama yetu na unaweza kutembea mchana kutwa.

Na koti usiliache nyumbani.